Udongo wa Namba Sita

Katibu wa klabu alikuja na karatasi. Wanataka habari za wachezaji wa zamani, wazibandike ukutani kwenye ofisi mpya. Karatasi ina nafasi ya jina, namba ya jezi, misimu na magoli.

"Mzee, magoli mangapi?" akaniuliza.

"Manne."

"Kwa misimu mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Akaitazama karatasi yake.

"Moja nililifunga kwenye lango letu wenyewe," nikamwambia. "Kama mnahesabu yote."

Akasema kiungo mkabaji hapimwi kwa magoli, niandike tu kwa maneno yangu, kwa ufupi. Akaniachia kalamu. Nimejaribu mara tatu kuandika habari za kiungo mkabaji. Kila nikianza, mke wangu anaingia. Nimeona nimwache humohumo. Katibu akiona ni ndefu, akate.

Mke wangu alikuwa anafua jezi za klabu. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na mabeseni mawili na zege lililoinuka kama meza nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, pale penye bomba. Mpira hakuupenda. Miaka yote ile hakukaa jukwaani hata siku moja. Alisema watu ishirini na wawili wanaochafua nguo kwa makusudi si kitu cha kwenda kukitazama.

Lakini habari za mechi alikuwa nazo kuliko mtangazaji wa redio. Alizisoma kwenye nguo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuloweka, alizipanga jezi zote juu ya zege kuanzia namba moja. Akazitazama mojamoja, mbele na nyuma. Akageuza bukta, akavuta soksi. Majani mabichi gotini, huyo ameteleza kwenda kukaba. Chokaa mgongoni, huyo ameangushwa kwenye mstari, au amejiangusha. Jasho likikauka likaacha chumvi nyeupe, huyo amekimbia. Jezi ikirudi inanukia sabuni ya wiki iliyopita, huyo alikuja kusalimia.

Mimi nilisajiliwa nikiwa na miaka ishirini na mmoja, kama mshambuliaji. Mkataba niliutia kidole gumba. Shule sikukaa. Mechi ya kwanza nilicheza dakika sitini, nikatolewa. Jumatatu nikapita pale bombani kwenda mazoezini, nikaona msichana ameinua jezi kwa vidole viwili.

"Nani namba kumi na sita?"

"Mimi."

"Juzi ulicheza au ulikuwa unaangalia?"

"Nilicheza dakika sitini."

"Wapi?"

Wenzangu wakacheka mpaka uwanjani.

Mechi iliyofuata niliacha nafasi yangu mbele, nikarudi katikati, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na vurugu na udongo. Nilikwenda chini kwa kila mpira, hata usionihusu. Kocha alinipigia kelele nirudi mbele mpaka sauti ikamkauka. Kipindi cha pili akanyamaza, akakunja mikono. Mechi ilipokwisha akaniita.

"Wewe si mshambuliaji," akasema. "Aliyekusajili alikuwa anapiga miayo."

Aliyenisajili alikuwa yeye. Nikapewa namba sita.

Basi kazi yangu ilianza hivyo. Nilikuwa natafuta uchafu ili msichana auone. Najua wenzangu wataandika mengine.

Kazi ya namba sita haina maneno mengi. Mpira unakuja kwa fujo, unautuliza, unageuka, unampa mwenye jina. Mwenye jina akifunga, unarudi mahali pako. Akikosa, unarudi mahali pako. Mashabiki waliniita Bawaba kwa sababu niligeuka kulia na kushoto bila kelele. Nililipenda jina hilo. Mke wangu alisema ni jina la kitu cha dukani, lakini naye akaniita hivyo mbele za watu. Nyumbani aliniita "wewe", na baada ya kumpata binti yetu akaniita "baba'ke".

Tulioana msimu wa tatu. Klabu ikatupa vyumba viwili nyuma ya jukwaa. Ukuta wa chumba cha kulala ndio uliokuwa mgongo wa jukwaa lenyewe. Tukifunga goli, vikombe vilicheza rafuni. Tukifungwa, vilitulia. Mke wangu alikuwa akikuna nazi au akishona, anatazama vikombe, anajua.

Mkataba wa pili niliusaini kwa jina. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa kipande cha sabuni juu ya zege. Niliandika, akamwagia maji, nikaandika tena. Ilichukua wiki mbili na vipande vitatu vya sabuni ya klabu. Meneja aliponipa kalamu aliniwekea na wino wa kidole pembeni, kwa mazoea. Nikausogeza. Akaisoma saini yangu muda mrefu kuliko alivyosoma mkataba.

Wachezaji wote walimwita mke wangu shemeji, na wote walimwogopa. Winga wetu aliitwa Umeme. Alikuwa na mbio, ila alipenda kubaki msafi. Jumatatu moja alipita kwenye zege na sura ya mtu aliyeonewa.

"Shemeji, mimi nakimbia sana. Udongo hauniwahi."

"Na jasho nalo halikuwahi?"

"Mimi si mtu wa jasho, shemeji. Ni maumbile."

"Basi nikufulie au nikukunjie tu?"

Kipa, tuliyemwita Kabati kwa mabega yake, aliwahi kumletea mche mzima wa sabuni asiseme kuhusu jezi iliyokuwa safi upande wa kushoto. Magoli matatu yalikuwa yamepita upande huo. Mke wangu alichukua sabuni, akasema yeye hajawahi kusema lolote, jezi ndizo zinazosema. Kabati akaondoka akidhani wameelewana.

Kocha mwanzoni alidharau. Baadaye akaanza kupita pale Jumatatu na kikombe chake cha chai, kama mtu anayekwenda mahali pengine.

"Mama Jezi, habari za kazi?"

"Namba tatu ameacha kuruka. Tazama mabega, hakuna alama ya mtu kumwegemea."

"Ana mafua."

"Hana mafua. Ana mchumba."

Kocha alikunywa chai yake, akaondoka. Jumamosi namba tatu alikuwa benchi. Ndivyo timu ilivyopangwa kwa misimu minane. Watu wanasema kocha yule alikuwa na jicho. Alikuwa nalo, lakini lilikuwa linashinda bombani.

Kuhusu mimi Kocha hakuuliza, na mke wangu hakusema. Jezi yangu aliilaza na nyingine, akaitazama kama nyingine, akailoweka. Ilikuwa na udongo pande zote mbili, misimu yote, sawasawa. Hapakuwa na la kuzungumza.

Goti liliumia msimu wa kumi na moja, mechi ya ugenini, bado mechi tisa ligi iishe. Goti la kulia. Namba kumi wao aliniangukia. Nilisikia kitu kimesogea ndani, kama droo. Nikainuka, nikamaliza mechi. Mchua misuli wetu alinipulizia dawa ya baridi, akasema ni mshtuko. Huyo kila kitu kwake kilikuwa mshtuko.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha na msimu. Meneja alishanidokeza kwamba kuna mwingine wa misimu miwili mezani, unasubiri Kocha aseme ndiyo. Vyumba vilikuwa vya mchezaji. Asiye mchezaji hana vyumba. Binti yetu alikuwa ameanza shule pale jirani. Nje ya mpira sikuwa najua kazi yoyote. Kwa hiyo nikaamua goti halijaumia.

Nilifunga bendeji ndani ya soksi. Nikacheza. Kwenda mbele niliweza. Kugeukia kulia sikuweza, ila kiungo mzoefu anaweza kuficha hilo. Nilijipanga upande ambao mpira ungenikuta nageukia kushoto. Nikianguka, niliangukia kushoto. Mashabiki hawakuona. Kocha hakuona.

Baada ya mechi ya kwanza na goti hilo nilikumbuka Jumatatu.

Niliivua jezi nikaitazama. Upande wa kushoto ulikuwa mwekundu kwa udongo kuanzia bega mpaka pindo. Upande wa kulia ungeweza kuuvaa harusini. Nikasubiri wenzangu waende kuoga. Nikatoka nyuma, nikainama, nikachota udongo, nikaupaka upande wa kulia. Begani, ubavuni, kwenye bukta. Niliupaka kwa utaratibu, nisizidishe. Nikaitupa jezi kwenye kapu la nguo chafu, nikaona nimefanya kazi safi.

Nilifanya hivyo mechi nne.

Mke wangu alifua, akaanika. Nyumbani aliniwekea chakula, akanitazama nikikaa. Nilikuwa nimejifunza kukaa kwa kuushika ukingo wa meza kama mtu anayetaka kuisogeza.

"Meza imekukosea nini?" akauliza siku moja.

"Haijakaa sawa."

"Miaka minane haijakaa sawa?"

Nikala.

Jumatatu ya mechi ya nne, Kocha alikuja bombani mapema, bila chai. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha chumba cha kubadilishia nguo, nafunga kamba za njumu. Wao walikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Walijua nipo.

"Mama Jezi," Kocha akasema, "leo nakuuliza kitu sijawahi kukuuliza. Meneja anataka jibu kesho. Namba sita."

Mke wangu aliendelea kupanga. Alifika namba tano, akailaza. Akaichukua namba sita, akaishika muda. Nilijua anachojua. Nilijua pia kwamba hajawahi kusema uongo juu ya nguo hata moja, lakini hapo palikuwa na vyumba vyake, na vikombe vyake, na shule ya mtoto wake. Nikaona atasema niko sawa. Mtu yeyote angesema.

Akaitandaza mbele ya Kocha.

"Huu wa kushoto ni udongo wa uwanjani," akasema. "Mwekundu. Unautoa kwa brashi na sabuni mara mbili."

"Ndiyo."

"Huu wa kulia ni mweusi. Unateleza. Una sabuni ndani yake."

Kocha akainama akanusa.

"Mweusi wa wapi? Uwanja wetu hauna udongo mweusi."

Mke wangu akaonyesha chini, miguuni pake, pale maji ya kufulia yanapomwagika kila siku.

"Wa hapa," akasema. "Nilipo mimi. Kiungo wako amekuja kuchezea mpira kwenye maji yangu ya sabuni. Mechi nne."

Kocha hakucheka. Aliigeuza jezi, akaitazama pande zote mbili. Mke wangu akampa na soksi ya kulia, iliyokuwa imelegea kwa bendeji kuliko ya kushoto. Kocha akaivuta, ikavutika. Akairudisha.

"Mguu gani?"

"Kulia," nikasema mimi kutoka kizingitini. Hapakuwa na sababu ya kumchosha mtu.

Kesho yake mkataba haukuletwa. Nilikuwa najua kuandika jina langu vizuri sana wakati huo.

Kocha alinipeleka hospitali kwa gari lake. Daktari alipiga picha, akaishika juu kwenye mwanga, akaniuliza nani aliyenizuia kucheza. Nikamwambia mfuaji. Akadhani nimechanganyikiwa. Akasema ningecheza mechi tano nyingine, wangelazimika kulifunga goti kwa chuma, nikae na mguu ulionyooka kama fimbo mpaka mwisho. Akasema sasa litapona, nisikimbie tena.

Nyumbani sikumwambia mke wangu. Sikuwa nazungumza naye. Siku kumi na tisa. Mimi sikuzihesabu, yeye ndiye aliyehesabu. Aliniwekea chakula, nikala. Alisema "maji yamo bafuni", nikaoga. Binti yetu alikuwa anabeba maneno kati yetu kama tarishi, kutoka chumba kimoja hadi cha pili.

"Mama anasema tunahama Jumamosi."

"Mwambie nimesikia."

"Mama anasema amekusikia ukisema umesikia."

Tulihamia kwenye nyumba ya kupanga yenye ua. Klabu ilimwambia mke wangu abaki na kazi yake, hawana ugomvi naye. Akawajibu mgongo umechoka, hawezi tena kuinamia jezi. Wiki hiyohiyo akachukua kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Shuka moja likilowa ni zito kuliko jezi za timu nzima.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa nimekaa mlangoni. Yeye alikuwa uani, anapambana na shuka. Shuka kubwa halikamuliki na mtu mmoja. Unashika ncha hii, ile inaburuta chini, inachafuka, unaanza upya. Aliburuta mara mbili. Mara ya tatu akasimama, akanitazama.

"Unajua kwa nini nilimwambia?"

Nikatazama ncha iliyochafuka.

"Huyo Kocha angekutumia misimu miwili," akasema. "Halafu angekurudishia kwangu. Mimi nahitaji mtu anayesimama." Akanirushia ncha ya shuka. "Shika. Wewe geuzia kulia, mimi nageuzia kushoto."

Nikashika. Nikageuzia kulia. Goti liliuma, lakini liligeuka. Maji yakamwagika katikati yetu.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Bawaba."

Tumekamua mashuka miaka thelathini na minne. Ya nyumba ya wageni, halafu ya hospitali, halafu ya nyumba mbili za wageni. Nilijenga zege uani kama lile la klabu. Kila kitu alikilaza hapo kwanza, akakitazama, ndipo akaloweka. Mashuka ya wageni nayo aliyasoma. Hayo hakunisimulia, ila kuna watu wazima wawili watatu mjini alikuwa akiwasalimia huku anatazama pembeni.

Kumshukuru kwa neno sikumshukuru. Nilikuwa nasema nitamwambia. Halafu kulikuwa na mashuka.

Aliugua kifua Jumatano. Jumapili hakuwepo. Daktari alieleza, na binti yangu ameelewa.

Siku ya kumzika, vijana walitaka kunipa kiti pale kaburini. Nikakataa. Udongo wa kwanza nilitaka kuuweka kwa mkono wangu, na mkono wangu haufiki chini nikiwa nimekaa. Nikapiga magoti. La kushoto, halafu la kulia. Lilikunjika mpaka chini. Ulikuwa udongo mwekundu, kama wa uwanjani. Nilikaa hapo muda mrefu kidogo kuliko watu walivyotaka. Kabati, ambaye sasa ni babu na mabega yameshuka, alikuja kuniinua. Nikamwambia naweza. Nikainuka mwenyewe.

Sasa nakamua peke yangu. Ncha moja naifunga kwenye nguzo ya kamba, nyingine naigeuza mimi. Nguzo haigeuki. Shuka linatoka na maji nusu, linachukua siku mbili kukauka. Mwenye nyumba ya wageni amevumilia mpaka sasa.

Jana binti yangu alikuja kusaidia usafi. Akaikuta ile suruali ya siku ya mazishi kwenye msumari.

"Baba, hii naifua."

"Iache."

"Ina udongo."

"Wapi?"

"Magotini."

"Goti lipi?"

Akaitandaza, akaitazama. Alimwona mama yake akifanya hivyo tangu akiwa mtoto, kwa hiyo alifanya vizuri. Mbele kwanza, halafu akaielekeza kwenye mwanga.

"Yote mawili," akasema.

"Sawasawa?"

Akatazama tena. Alichukua muda wake.

"Sawasawa."

"Basi iache."

Alipoondoka niliichukua, nikailaza juu ya zege, magoti juu. Beseni liko pale pembeni, lina maji. Sijailoweka.